MAONI: Ugali wa saa tatu usiku unaweza kungoja, jaribu jani

Leo nataka tubishane kuhusu chakula cha jioni. Si kile cha Jumapili nyumbani kwa kina mama, wala nyama choma ya Kamakis mshahara ukiingia. Nazungumzia Jumanne. Jumanne ile ya kawaida ambapo umetoka kazini Nairobi, umekaa kwenye msongamano wa Githurai hadi simu ikazima, umeshuka Thika saa mbili na nusu usiku, na mkononi una kijimfuko cha nyanya tatu na kitunguu. Hujui utapika nini.

Najua unachofanya, kwa sababu ndicho tunachofanya wengi wetu. Ama unasimama kwa mtu wa chipsi, unafungiwa na smokie juu, na zinaisha kabla hujafika kwenye lango la ploti. Ama unajikaza: unawasha meko, unasonga ugali wa watu wawili na kuula peke yako, sukuma wiki kidogo pembeni kama pambo, halafu saa nne unajitupa kitandani tumbo likiwa gunia. Saa nane unaamka na kiungulia. Saa kumi na moja alamu inalia, na matatu ya kwanza haikungoji.

Pendekezo langu ni dogo. Siku mbili au tatu za wiki, jioni, acha unga kwenye pakiti. Kaanga kitu kimoja kitamu kwenye kikaango, kifunge ndani ya jani la letusi au la kabichi, weka kachumbari na parachichi juu, kula kwa mkono. Dakika ishirini, umemaliza.

Wale waliozunguka mitandaoni watasema hiyo ni taco isiyo na taco. Ni kweli, wazo limetoka huko. (Neno hilo naliacha na tahajia yake ya kigeni. Ukilitohoa kwa Kiswahili unajua mwenyewe linakuwa nini, na hapa tunaongea mambo ya mezani.) Taco ya Meksiko ni chapati nyembamba ya mahindi iliyokunjwa juu ya nyama, maharagwe au samaki. Wanaotaka kupunguza wanga waliondoa ile chapati wakaweka jani. Basi.

Kabla hujasema hayo ni mambo ya wazungu wa Instagram, kumbuka mahindi yenyewe ni mgeni. Yalianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, yakafika pwani yetu baada ya Wareno, na huku bara ugali wa mahindi meupe ulishika kasi katika karne ya 20 tu, enzi za walowezi. Kwa hiyo taco na ugali ni mtu na binamu yake. Mmexico alifanya unga kuwa kitambaa cha kufungia mboga, sisi tukaufanya tonge la kuchotea. Na kufunga nyama kwa jani si jambo geni duniani. Wakorea wana nyama choma yao, na huila ikiwa imefungwa ndani ya jani la letusi pamoja na kitunguu saumu na pilipili. Wakifika Kamakis watashangaa tu kwa nini kachumbari iko mbali na nyama.

Sasa, sitaki unielewe vibaya. Kuna kanisa jipya mitandaoni linalohubiri kwamba wanga ni sumu, na waumini wake wamejaa. Mimi si muumini. Wanga ni chakula. Kijana anayebeba mawe mjengoni Ruiru au anayesimama zamu ya saa kumi na mbili kiwandani hapa Thika akiambiwa ajaze tumbo kwa majani, huyo aliyemwambia hajawahi kubeba mawe. Ikiwa siku nzima ulikula chai na mandazi mbili, jioni kula ugali wako na usimwombe mtu msamaha. Na ikiwa unatumia dawa za kisukari, hasa insulini, usipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari, maana dawa hiyo imepimwa kulingana na chakula unachokula.

Ninayemlenga ni wewe unayekaa. Unakaa ofisini, unakaa darasani, unakaa kwenye duka la simu, unakaa kwenye matatu kwenda na kurudi. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe 2012, maelfu yetu tunaishi huku na kufanyia kazi Nairobi, na sehemu kubwa ya siku inaisha tukiwa kwenye kiti. Mwili uliokaa hivyo kutwa hauna kazi kubwa na sahani ya unga saa tatu usiku.

Hesabu yenyewe ni hii. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga, na unga wa ngano wa chapati hauko mbali na hapo. Gramu 100 za kabichi zina kama 6. Letusi haifiki hata 4, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Ukibadilisha kitambaa cha kufungia pekee, hujagusa nyama wala kachumbari, tayari umeondoa sehemu kubwa ya wanga wa jioni.

Lakini hata hiyo hesabu siyo inayonisukuma. Mwaka wa 2015 Wizara ya Afya ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzani uliopita kiasi, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Watu walizungumza sana kuhusu hiyo namba. Iliyonishtua mimi ni nyingine: asilimia 94 ya Wakenya hawakuwa wakila matunda na mboga kiasi kinachopendekezwa, yaani mafungu matano kwa siku, ambayo Shirika la Afya Duniani linayahesabu kuwa angalau gramu 400.

Asilimia 94! Katika nchi ambayo mama mboga yuko kila kona! Huku kwetu, kaunti inayolisha Nairobi mboga, mtu anaweza kumaliza wiki akiwa amekula kijiko cha sukuma wiki na kipande cha nyanya ndani ya smokie. Ndiyo maana napenda hili jambo la jani. Ukila hivi vitu vinne au vitano jioni, pamoja na kachumbari, umekula mboga nyingi kuliko ulizokula tangu Jumatatu, na hukuhisi unakunywa dawa.

Haya, twende jikoni. Nakadiria una meko ya mtungi wa kilo 6, kikaango kimoja na sufuria mbili, na jikoni yako ni ile pembe ya bedsita karibu na mlango.

Anza na jani, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaharibu. Letusi inapatikana kwenye supamaketi za mjini, lakini mama mboga wengi hawaiweki, maana inanyauka kabla jua halijatua. Mwambie jana yake akuletee, anaenda sokoni alfajiri hata hivyo. Chagua yenye majani mapana yanayojikunja kama bakuli. Majani membamba yaliyochanika ni ya saladi, hayabebi kitu.

Usipoipata, wala usijisumbue. Chukua kabichi. Kwa maoni yangu kabichi ni bora kuliko letusi kwa kazi hii, na hata letusi ingekuwa bure bado ningeichagua kabichi. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, kata kile kisiki cha chini, tumbukiza kabichi nzima kwa dakika moja au mbili. Majani ya nje yatalegea na kubanduka moja moja bila kuchanika. Yapoze kwa maji safi, kisha kwa kisu punguza ule uti mnene wa katikati ili jani likunjike. Linakuwa laini kama chapati na halivunjiki. Sukuma wiki changa pia inakubali ukiifanyia vivyo hivyo. Si ajabu, maana sukuma wiki na kabichi ni mmea wa spishi moja, tofauti ni umbo tu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda maji ya moto. Mboga ya kuliwa mbichi si mchezo. Sote tunajua kuna mashamba kando ya mito yetu yanayonyunyiziwa maji ambayo hungethubutu kuyanawa. Na Oktoba 2022, kipindupindu kilipolipuka nchini, kisa cha kwanza kilihusishwa na harusi ya Limuru, kaunti hii hii yetu ya Kiambu. Kwa hiyo letusi mbichi ioshe jani kwa jani chini ya maji safi yanayotiririka, halafu iloweke kwenye maji yaliyotiwa dawa ya klorini ya kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chumvi na siki zinasaidia kuondoa mchanga na wadudu, lakini usizitegemee kuua viini. Siku ambayo bomba la ploti limekauka na maji ni ya mkokoteni, funga mjadala, pika kabichi.

Kisha kijazo. Kwa watu wawili, robo kilo ya nyama ya kusaga inatosha kabisa. Kaanga kitunguu hadi kianze kuwa na rangi, ongeza kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyama. Iache ikauke maji yake na kushika rangi kabla ya kuweka nyanya. Weka jira, pilipili, hoho iliyokatwa ndogondogo. Nyanya iwe moja tu. Hapa ndipo Mkenya anateleza, kwa sababu tumezoea mchuzi. Mchuzi ni wa ugali. Jani halibebi mchuzi. Ukiufanya mwepesi, utatiririka hadi kwenye kiwiko na shati la kesho litajua. Acha ikauke, mwishoni kamulia ndimu na umwagie dania.

Mwisho wa mwezi ukiwa mbali, nyama si lazima. Mayai manne yaliyovurugwa na hoho na kitunguu yanafanya kazi ile ile. Omena ndiyo ninayoipenda zaidi, na sijui kwa nini vijana wa mjini wanaionea aibu. Ioshe kwa maji ya moto, ikaushe, ikaange hadi ilie kwa meno, kisha ichanganye na kitunguu na nyanya kidogo. Ndani ya jani, ukiweka kachumbari yenye ndimu nyingi, hiyo omena inashinda nyama. Ndengu na maharagwe yaliyobaki jana pia yanafaa. Yana wanga, ndiyo, lakini pia yana protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo yanakushibisha kwa muda mrefu. Yaponde kidogo tu ili yasidondoke.

Parachichi usikose. Tuko mlangoni mwa Murang'a, kaunti inayoongoza kwa parachichi nchini, na msimu ukifika yanauzwa mpaka barabarani. Mafuta yake ndiyo yatakayokufanya usiamke saa sita kutafuta mkate. Na kama unataka kitu cha kizaidi-Thika, kata nanasi ndogondogo uchanganye kwenye kachumbari na pilipili. Mji umezungukwa na mashamba ya mananasi, halafu tunalijua tunda lenyewe kama juisi ya pakiti. Vipande vichache tu, lakini, maana sukari ya nanasi nayo ni wanga.

Najua utakachoambiwa na mwenzako wa chumba. "Buda, hii ni chakula ya sungura." Mwache aseme. Mpe jani la pili, la tatu, halafu umuulize sungura gani anakula nyama ya kusaga na parachichi. Malalamiko yenye uzito ni ya bei, na hayo nayajibu. Robo ya nyama, kabichi moja, parachichi moja na nyanya haziko mbali na chipsi na soseji za watu wawili, na kabichi utakuwa umetumia majani ya nje tu. Ugali wenyewe nao si wa bei ya chini kila siku. Julai 2022 pakiti ya kilo 2 ilipita shilingi 200, mpaka serikali ikaingilia kwa ruzuku ya wiki chache kuishusha hadi 100. Ukijua kula jioni tatu bila unga, siku unga ukipanda tena hutatetemeka kama jirani.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi wanapozungumzia chakula cha jioni. Nani anakipika?

Tazama ploti yoyote ya Ngoingwa au Kihunguro saa mbili usiku. Kijana na msichana wake wamerudi kazini kwa matatu moja. Wote wamechoka. Yeye anatoa viatu, anawasha simu aangalie mechi. Mwenzake anavua kiatu kimoja tayari anakata kitunguu, kwa sababu ugali, ati, "unajua kuusonga vizuri". Ugali ni chakula kitamu, lakini kwa miaka mingi umekuwa kisingizio kizuri sana kwa wanaume. Unahitaji mkono, unahitaji mtu mmoja asimame kwenye moto mwingine akingoja, na ukipoa umeharibika. Chakula cha jani hakina hicho kisingizio. Mmoja anakaanga, mwingine anaosha majani na kukata kachumbari, na hakuna anayempakulia mwingine. Vyote vinawekwa katikati, kila mtu anajifungia chake. Kaka, kama unaweza kufungua pakiti ya krispi unaweza kufunga jani la kabichi. Na dada, akikuambia hajui, mwonyeshe mara moja. Mara ya pili ni zamu yake.

Kwa wale mnaoishi peke yenu, faida ni nyingine. Kupika kwa mtu mmoja kunachosha roho, ndiyo maana mtu wa chipsi anatajirika. Kaanga kijazo cha siku mbili Jumatatu, nusu ukiweke kwenye bakuli lenye kifuniko. Kama una friji, vizuri. Kama huna, kaanga cha siku moja, joto la Thika halina huruma na nyama iliyolala.

Sikwambii umpelekee mamako haya Gatundu. Ukienda nyumbani kula kilichopikwa, githeri, nduma, ugali wa kuni, na uongeze. Hakuna mzazi aliyekungoja mwezi mzima ambaye anataka kuona ukisukuma sahani pembeni kwa sababu ya video uliyoona. Mchana pia, ukiwa na rafiki kibandani, chapo madondo haijamkosea mtu. Jani ni la usiku wa siku ya kazi, saa umebakisha saa mbili za kuwa macho na huna kazi nyingine ya kufanya ila kulala. Mimi nimelipanga hivi: Jumanne na Alhamisi jani, siku nyingine itakavyokuwa. Na mutura ya Ijumaa pale Makongeni sijaifikiria hata kuiacha.

Moyo wa kabichi utakaobaki usiutupe. Uchaje mwembamba kesho yake uingie kwenye kachumbari, au ukaange na karoti.

Na ukiipenda letusi kiasi cha kuchoka kuitafuta, panda yako. Gunia moja la udongo na mbolea kwenye baraza linatosha, na ndani ya wiki sita hadi nane unaanza kuvuna. Liweke upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, maana Thika ina joto kuliko Limuru, na letusi ikichomwa sana hurefuka, hutoa maua na kuwa chungu. Ukichuma, chukua majani ya nje tu, yale ya katikati yatakuwa tayari wiki ijayo.